Mwacheni Mwenye Nyundo Aseme

Kuna sentensi ninayoisikia kila muhula, darasani na nje ya darasa: nguvu ya mwamba hujulikana maabara, mengine yote ni kubahatisha. Naipinga, na naipinga kwa ukali kwa sababu wanaoisema ni wahandisi wa kesho, watakaokabidhiwa mahandaki katika nchi ya vilima elfu.

Tuanze na jiwe lenyewe. Ili kulijaribu kwenye mashine ya kugandamiza, maabara hudai kipande cha mviringo, kizima, kisicho na ufa, chenye urefu wa mara 2.5 hadi 3 ya kipenyo chake. Kipenyo kikiwa milimita 54, unahitaji mwamba mzima usiopungua sentimita 13.5. Sasa nenda ukatazame kingo za barabara zilizochongwa hapa Masoro, chini ya udongo mwekundu. (Nasema Masoro ya Gasabo, penye eneo maalumu la kiuchumi, si ile ya Rulindo yenye migodi ya bati ya Rutongo, ingawa huko nako wapo wanaolijua somo hili kuliko sisi.) Utakuta mwamba wa tabaka-tabaka, shisti, unaofunguka kama kurasa za daftari lililolowa. Hizo sentimita 13.5 utazipata wapi? Kwenye sehemu ngumu tu. Sehemu laini huvunjikia ndani ya bomba la kuchorongea, au sandukuni njiani, au mikononi mwa fundi anayekata sampuli. Haziingii mashineni, kwa hiyo haziingii kwenye ripoti. Wastani unaoandikwa ni wastani wa mawe yaliyonusurika, na anayeuamini anasanifu handaki la mwamba ambao haupo.

Nyundo haina ubaguzi huo. Jumuiya ya Kimataifa ya Mekanika ya Miamba ina madaraja saba ya kukadiria nguvu papo hapo, na hayahitaji umeme. Ukucha ukiacha alama, hilo ni R0, chini ya megapaskali 1. Jiwe likimenyeka kwa kisu cha mfukoni na kubomoka kwa ncha ya nyundo, ni R1, kati ya 1 na 5. Kisu kikimenya kwa taabu, ni R2, hadi 25. Kisu kikishindwa lakini pigo moja la nguvu likavunja, ni R3, hadi 50. Likihitaji zaidi ya pigo moja, ni R4, hadi 100. Likihitaji mapigo mengi, ni R5, hadi 250. Na nyundo ikiambulia vigae tu, hapo umekutana na R6.

Nitajibiwa kwamba mkono wa mtu hutofautiana na wa mwenzake. Ni kweli. Lakini tuulize makosa hayo yanagharimu nini. Chukua mfumo wa Bieniawski wa kupima ubora wa mwamba, toleo la 1989, ambao sote tunaukariri kwa ajili ya mtihani. Kati ya alama 100, nguvu ya jiwe ina 15 tu. Maji yana 15. Zilizobaki, 70, ni za nyufa: zilivyoukata mwamba, zilivyoachana, na hali ya nyuso zake. Tena mipaka ya alama za nguvu katika jedwali hilo ni ileile ya madaraja ya nyundo: 25 hadi 50 hupata alama 4, 50 hadi 100 hupata 7, 100 hadi 250 hupata 12. Ukikosea daraja moja zima, ukaita R4 kilicho R3, umekosa alama 3. Ukisoma ufa vibaya kwa sababu ulikuwa ofisini ukisubiri majibu ya maabara yenye desimali mbili, utapoteza nyingi zaidi.

Wengine hukimbilia vifaa vya katikati na kudhani wamepona. Kile cha kubana jiwe kati ya ncha mbili ni kizuri, lakini nimeona wenzangu wakizidisha jibu lake kwa 24 kana kwamba 24 ni kanuni ya maumbile. Ni kadirio la Broch na Franklin la mwaka 1972. Jiwe laini, la chini ya megapaskali 25, hutoa majibu yasiyoaminika kwenye kifaa hicho, na shisti hutoa jibu moja ukiibana kukatiza tabaka na jingine kabisa ukifuata tabaka. Nyundo ya Schmidt nayo ilibuniwa kwa ajili ya zege. Ufa ukiwa chini ya uso unaoupiga, namba hushuka, na asiyejua ataulaumu mwamba badala ya ufa.

Sisemi maabara ifungwe. Nasema ije baada ya nyundo, na majibu yake yakipingana na ya nyundo, mtu aende kuangalia sanduku la sampuli na kuhesabu kilichotupwa.

Lipo jambo jingine, na hapa nawalenga wanaosema Kiswahili hakifai uhandisi. Usiku, mbele ya uso wa mwamba uliolipuliwa punde, anayelipiga jiwe ni mchorongaji na msimamizi wa zamu. Mradi wa Rusumo, wa megawati 80 na handaki la kupitishia maji ya Akagera, ni mali ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Kati ya Morogoro na Makutupora reli mpya inapita katika mahandaki manne. Wafanyakazi wa nchi hizi tatu wataelewana kwa lugha gani kuhusu jiwe lililobadilika ghafla saa nane za usiku? Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na madaraja yote saba nimeyaeleza hapo juu bila kukwama hata kwa neno moja: ukucha, kisu, ncha, pigo.

Kwa walimu wetu ombi langu ni dogo. Kabla ya kipindi cha kwanza cha maabara, tupeni alasiri moja kwenye kingo hizi za Masoro, kila wanafunzi wawili na nyundo moja, kila mmoja aandike daraja lake bila kumchungulia mwenzake. Kisha tulinganishe karatasi hadharani, tuone tumetofautiana kwa madaraja mangapi.