Bibi haulizwi kama rika lako

Wiki yangu ya pili Gwangju, Korea Kusini, nilimkuta mama mwenye nyumba ameketi kwenye maru, kibaraza cha mbao cha nyumba zao za zamani, anamenya vitunguu saumu. Umri wake ni miaka 70 na ushei. Nikamtolea swali nililolifanyia mazoezi mwezi mzima: "Halmeoni, jeomsim meogeosseoyo?" Bibi, umekula chakula cha mchana? Akatabasamu, akajibu, "Eo, meogeosseo," akaendelea kumenya. Mjukuu wake wa darasa la pili ndiye aliyenikodolea macho. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Deusyeosseoyo."

Neno hilo ndilo lililopaswa kuwa somo langu la kwanza.

Sarufi ya swali langu ilikuwa sawa. Kuuliza jambo lililopita kwa Kikorea ni kwepesi: kitenzi hukaa mwisho, hutiwa -ss- ya wakati uliopita, hufungwa kwa -yo ya adabu, kisha sauti hupandishwa. Maneno hayahami, kama "umekula" yetu inavyogeuka swali kwa sauti tu. Na hiyo -ss- hubeba -li- na -me- zote mbili. "Osyeosseoyo?" akiambiwa mgeni mlangoni ni umefika, ukitanguliza eonje, yaani lini, inakuwa ulifika lini. Mswahili asipoteze siku kutafuta viambishi viwili.

Kazi iko kwenye heshima. Ile -yo inamtosha mtu wa rika lako mliyejuana juzi. Mkubwa anatiliwa -si- ndani ya kitenzi, na katika kula na kulala kitenzi chenyewe hubadilishwa: meogeosseoyo inakuwa deusyeosseoyo, jasseoyo, umelala, inakuwa jumusyeosseoyo. Jambo hili si geni kwetu. Tanga, tulipotoka shule mchana, hatukuambiwa babu amelala; tuliambiwa amepumzika. Wala hakuna aliyethubutu kumwambia "wewe". Mkorea naye humtaja mkubwa kwa udugu au cheo, halmeoni kwa bibi, seonsaengnim kwa mwalimu, na hakuna "u-" inayong'ang'ania kwenye kitenzi. Ila heshima hiyo mtu hajipi mwenyewe. Ukiulizwa "Jal jumusyeosseoyo?", umelala salama, unajibu "Ne, jal jasseoyo", kwa kitenzi cha kawaida.

Ndiyo maana nawalaumu wanaotuandalia masomo. Vitabu nilivyosomea viliiweka -si- sura za mwisho, kama pambo. Vijana wetu wanaojifunza kwa tamthilia wanaokota "Bap meogeosseo?" ya wapenzi na marafiki, bila hata -yo, wakifika chuoni wanampelekea profesa. Wakorea wengi watamsamehe mgeni, tena kwa tabasamu, na hawatamsahihisha. Hapo ndipo hatari ilipo: anaweza kumaliza miaka minne ya masomo akiwasemesha wazee kama watoto wenzake, asijue. Aliyelelewa kwa shikamoo hana haja ya kungoja sura ya kumi na mbili ili aelewe kwamba mkubwa ana namna yake ya kuulizwa. Mwalimu wa Waswahili aanze hapo, wiki ya kwanza, na amfundishe mwanafunzi deusyeosseoyo na jumusyeosseoyo kabla hajamfundisha kuagiza kahawa.

Kesho yake nilirudi kwenye maru. "Halmeoni, jeomsim deusyeosseoyo?" Kisu kikasimama. Akaniambia amekula nurungji. Neno sikulijua, na usoni alinisoma. Akainuka, akanishika mkono hadi jikoni, akafunua sufuria: ukoko wa wali, umechemshwa kwa maji mpaka umelainika, harufu ileile ya sufuria la nyumbani. Akachukua bakuli la pili kabatini.