Kama Hujui Kuitoa Keria, Usiiweke

Wasee, leo siongei siasa wala mpira. Naongea juu ya vyuma viwili. Vile vinavyokingama juu ya paa la gari, kutoka reli ya kushoto mpaka reli ya kulia, ambavyo sisi wote tunaviita tu keria na maisha yanaendelea. Msimamo wangu ni huu na sitaurembesha: kama hujui kuvisogeza, kuvikaza na kuvitoa, huna haki ya kupita barabarani na mzigo juu ya paa.

Najua unasema, manze, hii nayo ni mada gani? Subiri nikuambie ilikotoka.

Disemba iliyopita nilikuwa nimerudi nyumbani Kiptere. Mjomba wangu ana Fielder, ile gari ya kazi zote: asubuhi inapeleka watoto, mchana inabeba mbolea, jioni inabeba wazee wa mkutano. Siku hiyo tulikuwa na tangi la maji la plastiki, lita 500, la kupeleka kwa dada yake upande wa Sondu. Tangi tupu. Mtu mmoja analiinua peke yake bila kutoa jasho. Halikuingia ndani, kwa hivyo likapanda juu.

Lakini vyuma vilikuwa vimekaribiana sana na tangi likawa linayumba. Mjomba akaniambia, "Wewe kijana, si unajua mambo ya kisasa? Sogeza hicho cha mbele." Nikachukua alenkii, nikalegeza boliti, nikasukuma chuma mbele, nikakaza. Yaani, nilikaza upande mmoja vizuri. Upande wa pili boliti ilikuwa na kutu, ikagoma, nikasema moyoni hiyo imeshika tayari. Kutu nikaidhania kuwa ni nguvu. Tukafunga tangi kwa mpira wa tyubu. Mjomba akauliza, "Iko sawa?" Nikajibu, "Iko sawa, Mjomba."

Hiyo sentensi ndiyo inaniandikisha leo.

Tulipoanza kuteremka, gari ikashika kasi, nikasikia mlio kama wa filimbi juu ya kichwa. Halafu mkwaruzo. Halafu kimya. Kwa kioo cha nyuma nikaona tangi liko hewani, limegeuka kichwa chini, linaangukia upande wa magari yanayopanda. Nyuma yake kulikuwa na boda, dereva na mama mmoja, na katikati yao mtoto wa nguo za shule. Yule dereva alikata kona mpaka kwenye nyasi. Hawakuanguka. Hadi leo sijui aliwezaje.

Tulisimama. Dereva wa boda hakutusi. Alitushika tu mkono na kusema, "Wazee, fungeni vitu vizuri." Mama hakusema kitu, alikuwa anamfuta mtoto vumbi usoni. Ningependa wangetutusi. Tulipoondoka Mjomba aliendesha kilomita nzima bila neno, kisha akasema kwa upole, "Wewe uliniambia iko sawa."

Kwa hivyo nikitoa maoni juu ya keria, sitoi kama fundi. Natoa kama mtu aliyekaribia kuua familia kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Sasa tuelewane kuhusu kilichotokea, maana watu wengi walioisikia hii hadithi waliniambia, "Lakini tangi lilikuwa jepesi!" Hapo ndipo tunapokosea. Adui juu ya paa si uzito peke yake. Ni upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Kitu kilichotulia ukiwa kwa kilomita 40 kwa saa kinavutwa mara nne zaidi ukifika 80. Tangi tupu ni tanga la mashua. Godoro ni tanga la mashua. Mabati ndiyo usiseme. Na mpira wa tyubu, ambao sisi tunauamini kuliko benki, unavutika. Ukivutika, mzigo unapata nafasi ya kucheza, na mzigo ukicheza unatingisha chuma, na chuma kikitingishwa kinafungua boliti iliyokuwa imelegea. Mimi nililegeza mwanzo wa huo mnyororo. Upepo ulimalizia tu.

Jambo la pili ambalo wengi hawajui: paa la gari lina kikomo chake, na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo kiko kati ya kilo 50 na 100, na mara nyingi ni kama 75. Na humo ndani unahesabu uzito wa keria yenyewe. Sasa piga hesabu. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 90. Ukiweka gunia moja tu juu, gari nyingi tayari zimepita kikomo, na bado tunaweka matatu na mkungu wa ndizi kwa hisani. Uzito ukipanda juu, gari inakuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akikimbia kwa kona. Na kona tunazo. Barabara zetu za huku kwa majani chai hazikunyooshwa kwa rula.

Kuna wale hawabebi kitu. Hao ndio nataka tuzozane nao kidogo. Ukipita Kericho mjini au Bomet utaona ndai safi kabisa, imeoshwa, ina keria juu mwaka mzima na haijawahi kubeba hata kikapu cha mayai. Ni urembo. "Inaifanya ikae gari ya kazi." Sawa, lakini unalipia huo urembo kila unapoingia petroli. Mwaka wa 2016 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani walitoa utafiti juu ya keria za magari. Walikadiria kwamba kwa mwaka mmoja tu, 2015, keria zilikula takriban galoni milioni 100 za petroli nchini humo, na kwamba gari moja inaweza kuongeza matumizi hadi asilimia 25 kutegemea aina ya keria na mzigo. Asilimia 25 ni ile hali mbaya kabisa, siyo vyuma viwili vitupu. Lakini hata vyuma vitupu vinakamata upepo, na ule mlio wa filimbi unaousikia ni pesa yako inaimba.

Nawasikia wanaopinga, na hoja zao si za kipuzi.

Wa kwanza ni Mjomba mwenyewe. Anasema, "Mimi natumia keria siku tano kwa wiki. Niitoe niirudishe kila siku, nitalima saa ngapi?" Ana haki. Kama unaitumia kila siku, iache. Lakini basi ikague kila wiki, kama unavyokagua upepo wa tairi. Huwezi kusema ni chombo cha kazi halafu ukikatae kukitunza.

Wa pili wanasema ukiitoa, utaiweka wapi, na watoto wataichezea, na boliti zitapotea. Kweli, boliti zinapotea. Dawa yake ni chupa tupu ya siagi yenye kifuniko. Boliti nne, alenkii moja, funguo za vifuniko, zote ndani, chupa kwenye buti. Imeisha hiyo.

Wa tatu, na hawa ndio wanaoniuma, wanasema kukodi pikapu ni ghali, kwa hivyo lazima tubebe juu. Hapa siwezi kumkemea mtu. Mkulima wa mananasi mwenye magunia mawili ya kupeleka sokoni hatakodi pikapu. Mama anayehamisha godoro na meza ya mtoto anayeenda kidato cha kwanza hatakodi pikapu. Sisi si matajiri na keria ni msaada mkubwa. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kujifunza. Maskini ndiye asiyeweza kumudu ajali. Na yule wa boda aliyekuwa nyuma yetu hakuwa na bima ya aina yoyote dhidi ya uvivu wangu.

Baada ya lile tukio nilienda kwa fundi mmoja hapa senta, mzee mpole, nikamwambia, "Fundi, nifundishe." Akacheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kuomba somo badala ya kupunguziwa bei. Aliyonifundisha naweka hapa, pamoja na niliyosoma kwenye kitabu cha gari.

Kuitoa: egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Panda juu ya kiti imara, usisimame kwenye kizingiti cha mlango kilicholowa. Fungua vifuniko vya miguu. Legeza boliti kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule. Usifungue upande mmoja wote wakati mwingine umekazwa, utapinda chuma au ukwaruze paa. Kabla hujakitoa, bandika kipande kidogo cha utepe kwenye reli mahali mguu ulipokaa, na uandike kwenye chuma "mbele" au "nyuma", maana mara nyingi urefu haufanani. Inueni watu wawili, moja kwa moja juu, bila kuburuta.

Ukishaitoa, safisha. Huku kwetu mvua ya alasiri inakuja kama imeandikiwa ratiba, na wakati mwingine na mvua ya mawe juu yake. Maji na vumbi yanakaa ndani ya miguu ya keria, boliti zinashika kutu, halafu siku unayotaka kuzikaza zinakudanganya kwamba zimekazwa. Zifute, zipake grisi kidogo sana kwenye nyuzi. Boliti yenye nyuzi zilizolika usiisamehe, nunua nyingine.

Kuisogeza: mzigo mrefu unataka vyuma viachane, vikikaribiana, mzigo unakuwa pembea. Mimi siku ile nilikuwa sahihi kutaka kukisogeza. Nilikosea namna. Pima kwa futi kutoka mbele, kushoto na kulia vilingane, chuma kisikae mshazari. Hakikisha mguu umekaa wote kwenye reli, bila kokoto wala tope katikati. Kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, ukizunguka miguu yote, mpaka vyote vishike sawa. Kama keria yako ilikuja na ufunguo wake unaolia "tik" ukifika kipimo, usiutupe. Huo "tik" ndio unakuambia imetosha. Kukaza kwa hasira kupita kiasi nako kunakata nyuzi na kubonyeza paa.

Kisha jaribio ambalo fundi aliniambia nisisahau hata nikisahau mengine yote: shika chuma kwa mikono miwili, utingishe kwa nguvu. Gari ikitingishika pamoja na chuma, sawa. Chuma kikitingishika peke yake, rudi kwenye boliti. Sekunde kumi. Ningefanya hivyo Disemba, mtoto wa nguo za shule asingepata vumbi usoni.

Na mzigo wenyewe: funga kwa mkanda wa kukaza, siyo mpira peke yake. Mzigo mrefu ufunge mbele na nyuma pia, siyo katikati tu. Endesha kilomita tano au kumi, simama, tingisha tena, kaza tena. Na upunguze mwendo. Kama unasikia haya kusimama kando ya barabara kukagua kamba, fikiria haya ya kusimama kando ya barabara kumwangalia mama akimfuta mtoto wake.

Lawama nyingine naipeleka kwa wanaouza. Mtu anakuuzia keria, anaifunga kwa dakika tano akiongea na simu, anakuambia "iko poa bosi", karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi na boksi inabaki dukani. Mnunuzi naye haulizi kwa sababu anaogopa kuonekana mshamba. Wasee, ushamba ni kubeba usichokielewa. Omba ile karatasi. Omba akuonyeshe jinsi ya kuitoa, na uitoe mwenyewe mbele yake kabla hujalipa. Akikataa, kuna duka lingine.

Mimi na Mjomba sasa tuna sheria. Aliyefunga ndiye anayetingisha, na mwingine anatingisha mara ya pili. Akiuliza "Iko sawa?" sijibu kwa mdomo. Nashuka, nashika chuma.

Tangi lilipasuka, kwa njia. Dada yake Mjomba bado anachota maji kwa ndoo mpaka tununue lingine, na sehemu ya hizo pesa inatoka kwangu. Ni haki. Jumamosi hii, kabla hujaosha gari, panda kwenye kiti ushike hivyo vyuma. Kama vinacheza, ushukuru umejua ukiwa nyumbani.