Penseli za rangi kwanza, nta baadaye

Tangu niseme kwenye kipindi kwamba huwa nachora tukienda kwa bibi Dima wa Tayyin, mmeniuliza sana: ninunue penseli za rangi au pasteli za nta? Kwa daftari la kuchorea, mie nasema penseli. Na nasema hivyo nikiwa mtu aliyependa nta kwanza, mpaka kiti cha gari langu kikaharibika.

Ilikuwa Juni. Tulisimama Ibra kununua mkate na matunda, boksi la nta nikaliacha kwenye kiti cha mbele. Tuliporudi, rangi kumi na mbili zilikuwa zimekuwa uji. Kosa langu, bana. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 hivi, na gari lililofungwa juani kwetu linapita 60 bila shida. Majirani zetu wa Quriyat, Juni 2018, walikaa saa 24 nzima, usiku ukiwemo, joto halikushuka chini ya 42.6. Penseli nayo ina nta au mafuta ndani, lakini imechanganywa na rangi na unga mwingine ukashikana, na mti umeizunguka. Inavumilia.

Halafu kuna ukubwa wa daftari. Wengi wetu tunabeba A5, linaloingia kwenye mkoba. Kijiti cha nta ni kinene kama kidole. Dirisha la nyumba ya udongo linakuwa doa tu. Ukifunga daftari, rangi inahamia ukurasa wa pili, lazima uweke karatasi katikati. Penseli unaichonga, unapata mstari mwembamba, unapaka tabaka juu ya tabaka. Na ile milima ya Wadi Tayin inataka tabaka, walahi. Ukiitazama haraka utasema kahawia. Kaa kidogo: chini kuna zambarau, kuna kijivu, jioni inakuja rangi ya tende mbichi. Ukiegemeza sana penseli zenye nta nyingi, baada ya siku chache unaona utando mweupe juu ya picha. Usiogope, futa taratibu kwa kitambaa laini.

Kwa wanaotaka majina: Caran d'Ache wa Geneva wana Neocolor za aina mbili. Ya kwanza, ya 1952, haikubali maji. Ya pili, ya 1972, inalainika kwa brashi yenye maji. Angalia vizuri kabla hujalipa, maana maboksi yanafanana. (Na jina la kampuni lenyewe limetokana na neno la Kirusi la penseli. Hata watu wa nta wanajua mkubwa nani.)

Lakini sababu yangu hasa ni kwamba penseli inachelewa.

Bibi aliondoka Unguja 1964 akiwa msichana. Mie nimezaliwa Muscat, Kiswahili changu ni cha jikoni: njoo ule, funga mlango, umechelewa wapi. Nilipokuwa nachora kwa nta, dakika kumi nimemaliza, namuonesha bibi, anasema mashaallah, basi. Siku ya kwanza na penseli nilikaa saa nzima na nusu mbele ya mlango wa zamani wa nyumba ya jirani. Bibi akaleta kahawa, akakaa.

"Hapo unachora nini?"

"Mlango, bibi."

"Mlango wote? Hiki hapa chini chaitwaje?"

Sikujua. Kizingiti. Cha kufungia, komeo. Ule mti wa katikati unaosimama kati ya mbawa mbili, mfaa. Mlango ulikuwa wa Oman, maneno yalikuwa ya nyumba yao ya Unguja, na kutoka kwenye mfaa tukafika kwa fundi aliyeuchonga mlango wa baba yake, mpaka kwa nani alikuwa akiufunga usiku. Miaka thelathini na kitu niko naye, sijawahi kuzisikia habari hizo. Naandika kila neno pembeni ya picha, kwa penseli hiyo hiyo.

Sasa niwe mkweli. Mwezi uliopita nilimpa bibi penseli achore na yeye. Vidole vyake vimekaza, haviwezi kukandamiza, mstari ulitoka hafifu hata yeye hakuuona. Akaiweka chini. Nikatafuta mkobani, nikapata kipande cha nta ya kijani kilichobaki kwenye lile balaa la Ibra. Akakishika kwa kiganja kizima.

"Huu mkarafuu," akasema. Wa nyuma ya nyumba yao.

Kwa hiyo nunua penseli kumi na mbili, kichongeo kizuri cha chuma, na vijiti viwili vitatu vya nta kwa mwenye mikono ya wazee. Viweke kwenye boksi la barafu pamoja na maji ya njiani. Ijumaa hii bibi ameniagiza nyekundu.