STAA UNAYEWAUZIA MADOGO RABA ZA KALE, RUDISHA HELA YA WATU!

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alipanda Amani kushuti video kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro. Mguuni katupia Jordan namba 4 za kale, zile anazojisifia kila siku Insta kwamba ni OG na Bongo nzima anazo yeye tu. Mvua ikashuka. Kufika nusu ya kazi, soli ya kulia inamong'onyoka kama mkate uliolowa na ya kushoto imebaki kwenye tope. Video ikamaliziwa na yeboyebo za kuazima, ndiyo maana jamaa haonekani kuanzia magotini kushuka chini. (Na nyie mliokomenti "Lushoto imejibu", Amani ipo Muheza, Usambara ya Mashariki. Lushoto ni upande mwingine kabisa.)

Cheka, lakini ya video ni madogo. Wiki chache baadaye staa huyo huyo akatupia pea nyingine mtandaoni: miaka ya tisini, haijawahi kuvaliwa, boksi lake lipo. Dogo mmoja wa bodaboda njia ya Muheza kwenda Amani akaichukua kwa laki nne na nusu. Hela ya iliki hiyo, ya shamba la mama yake. Siku ya tatu, kwenye kona ya kupanda, abiria yupo nyuma, dogo kashusha mguu kuizuia pikipiki isilale. Soli ikachanika katikati, mguu ukateleza, pikipiki ikawaangukia wote wawili. Wamepona, ila mama wa watu aliyekuwa abiria alichechemea mwezi mzima. Dogo kumpigia staa, jibu likawa kiatu cha kale hakina waranti. Akablokiwa.

Sasa hapo ndipo uhuni ulipo, kwa sababu wanaouza vitu hivi wanajua. Jordan namba 3 ya 1988, namba 4 ya 1989, hadi 5 na 6, soli yake ya katikati ni poliyurethani, povu fulani zito linalobeba mguu vizuri sana likiwa jipya. Adui yake ni maji, na wala si lazima yawe ya mvua. Mvuke wa hewani unaingia ndani ya povu na kukata viungo vinavyolishikilia, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na joto linaharakisha. Miaka kumi, kumi na tano, kwa nje unaona kiatu kizima, ndani ni chenga. Gundi nayo inakuwa imekauka, soli inaachama. Jordan namba 1 ya 1985 ina afadhali maana soli yake ni ya mpira. Ila hizo zilizofuata, hapana. Halafu unazipeleka Amani, kwenye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu asubuhi na jioni!

Na hili la "haijawahi kuvaliwa" ndilo linalowaponza wengi. Dogo akisikia hivyo anaona kapata dhahabu. Kumbe povu linaoza hata likiwa ndani ya boksi, na likifungiwa kwenye nailoni yenye unyevu ndiyo balaa zaidi. Wakusanyaji wenyewe wanajua kwamba raba inayovaliwa mara moja moja inadumu kuliko iliyosahauliwa kabatini. Kwa hiyo pea ya 1995 ambayo haijaguswa ni maiti iliyovalishwa suti.

Wengine wanaipaka maiti rangi. Soli imekuwa njano, inapigwa rangi nyeupe. Imepasuka, inajazwa supagluu na kupakwa tena, inapigwa picha kwenye mwanga mzuri, "imerestoriwa". Huo ni utapeli! Hata kushona hakusaidii, na fundi viatu yeyote wa Muheza atakwambia. Uzi unakata povu bovu kama waya unavyokata mche wa sabuni. Dawa ni moja tu: soli yote ing'olewe, mabaki yasafishwe mpaka yaishe, ibandikwe soli ya toleo jipya la kiatu kile kile, saizi ile ile. Hapo unalipia kiatu kingine kizima ili ukichinje, pamoja na fundi. Na fundi mwenyewe anavuta moshi wa gundi na asitoni kutwa nzima, vitu vinavyoshika moto haraka, wengine kibanda kimefungwa na jiko la mkaa linawaka pembeni. Hayo huwezi kuyaona kwenye posti za mastaa. Ukitaka kazi hiyo ifanyike, ifanyike nje kwenye hewa, na mlipe fundi inavyostahili.

Watakuja wajuaji waseme ukibadili soli umeua uhalisia. Sawa, basi iweke kabatini uitazame. Mwaka 2023 Sotheby's waliuza Jordan namba 13 alizovaa Michael Jordan mwenyewe kwenye fainali za 1998, dola milioni 2.2. Aliyezinunua hakununua ili apande nazo Kwamkoro. Kiatu cha kutazama kiuzwe kama cha kutazama, na cha kuvaa kiuzwe kikiwa kinavalika. Staa anachanganya hivyo viwili makusudi, kwa sababu kwenye mchanganyo huo ndipo anapopiga hela.

Mdau, kabla hujatoa hela yako, vuta ulimi wa kiatu usome lebo ya ndani. Raba nyingi za Nike zina tarehe ya kutengenezwa hapo. Ikizidi miaka kumi, muulize muuzaji soli imebadilishwa lini na nani. Bonyeza povu kwa gumba: likilia au likikuachia unga kidoleni, ondoka zako. Likikaa kimya bado usijiaminishe, mengi yanakatikia barabarani.

Dogo sasa anaendesha na mabuti ya mvua, na abiria wanamwamini zaidi. Staa wiki hii kapandisha pea nyingine tatu, boksi zake zipo. Kabla hajauza hata moja, laki nne na nusu ya iliki irudi Amani, na mama wa watu alipwe hela ya matibabu.