Sindano moja, kilo mbalimbali

Siku hizi, ku Lubumbashi, Goma ao Bukavu, ukienda ku feti utasikia tu habari ya Ozempic. Mama mmoja amepunguza kilo kumi na mbili, nguo zote zinamulegea, anacheka. Rafiki yake alijichoma dawa ileile, miezi ileile, akapunguza kilo mbili tu. Basi maneno inaanza: "Yule anakula usiku kwa kujificha." Sisi tunasema: mumuache huyo mama.

Dawa yenyewe, semaglutidi, inaiga homoni moja yenye matumbo yetu inatoa nyuma ya kula. Homoni hiyo inaambia ubongo kwamba tumeshiba, na inafanya chakula kikawie mu tumbo. Lakini njaa ya watu haitoke yote fasi moja. Kuko mwenye hashibi haraka, huyo dawa inaweza kumusaidia sana. Kuko mwenye anakula juu ya mawazo, ao juu ya kukosa usingizi. Tena kila mtu eko na mwili wake: jeni zake, umri wake, magonjwa yake.

Hata mu utafiti, fasi watu wanafuatiliwa vizuri, tofauti ilionekana. Ule mkubwa uliotangazwa 2021 ulichukua watu 1961. Nyuma ya juma 68, wenye kupata semaglutidi walipunguza karibu asilimia 15 ya uzito wao, kwa wastani. Huo wastani unaficha mambo. Karibu mtu 1 ku 3 alipunguza asilimia 20 na zaidi, na karibu mtu 1 ku 7 hakufikisha hata asilimia 5. Wote walipewa mashauri yaleyale ya chakula. Je, wale wa mwisho wote walikuwa walafi? Wenye ugonjwa wa sukari, mu utafiti mwingine, walipunguza karibu asilimia 10 tu, na mara nyingi wanawake wanapunguza kuliko wanaume. Tukumbuke pia kwamba ule utafiti wa 2021 haukufanyika mu inchi hata moja ya Afrika.

Kwetu kunaongezeka mambo ingine, na hapa ndiyo tuko na wasiwasi. Dawa hii inaanzia ku miligramu 0,25 kwa juma, kisha muganga anapandisha polepole. Ile 0,25 ni ya kuzoeza mwili tu. Mwenye anabakia pale miezi yote juu bei iko kali, anatumia dola zake bure, kisha anasema mwili wake ni mgumu. Mbele ya kufunguliwa, stilo inapaswa kukaa mu frigo, kati ya digri 2 na 8. Sasa ile yenye ilisafiri mu sakoshi ya mtu, ikafika ku farmasi fasi umeme unakatika kila siku, ingali dawa? Na kuko za uongo: mu Juni 2024 OMS ilionya dunia yote juu ya semaglutidi ya uongo.

Halafu (tuseme ukweli, hata kama inauma) vidonge vya kunonesha vinauzishwa ku soko sawa vile bonbon. Deksametazoni inaongeza uzito na inapandisha sukari mu damu. Mwenye anaimeza asubuhi juu ya kupata makalio, kisha anajichoma stilo juu ya kupunguza tumbo, anavuta kamba pande zote mbili.

Wakubwa wa afya wapite mu farmasi, waangalie frigo na makaratasi ya dawa. Wenye farmasi waache kuuzisha stilo bila ordonansi. Na wewe mwenye unajichoma, usipandishe kipimo peke yako juu jirani amepungua kukupita: kutapika na kukauka maji kunaweza kukufikisha ku hospitali. Usiache pia ghafla bila kuongea na muganga, maana wengi wenye waliacha, nyuma ya mwaka moja sehemu kubwa ya kilo ilirudi. Kama miezi inapita na balanse haishuki, rudia muganga, beba stilo yenyewe na boksi yake, na umutajie dawa zote unazomeza, hata zile za ku soko.