Chungu Kina Mwenyewe

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikiuza bidhaa kila Jumamosi katika soko moja la vitu vya kale na vyombo vya udongo hapa Kampala. Ujira wa siku hunisaidia kulipia chumba na kutoa nakala za vitabu. Kwa hiyo ninapolilaumu soko hili, msomaji ajue kwamba najilaumu na mimi.

Mezani petu kuna redio za mbao, birika za enameli na vikombe vya kaure vya Uingereza. Mnunuzi akishika kikombe, kwanza hukigeuza. Kitakoni mna jina la kiwanda, na jina hilo huamua bei. Akishika chungu, hakigeuzi. Huniuliza tu: "Ni cha zamani?"

Nami hujibu: "Cha zamani sana."

Huo ni uongo. Vyungu vyetu vingi hufinyangwa na mama mmoja wa kijijini, huko magharibi mwa nchi. Hana gurudumu. Huinua chungu kwa pindi za udongo, hukisugua kwa kokoto laini, kisha huviringisha kamba ya nyasi shingoni ili kutia nakshi. Tajiri wangu hununua kimoja kwa shilingi 15,000. Sisi hukipaka mafuta na masizi, tukakiuza 150,000 kikiwa na kibandiko: "Chungu cha kale, Uganda."

Mwezi Machi mama huyo alikuja mjini kudai fedha zake. Akakitambua chungu chake mezani, akaniomba nimsomee kibandiko. Nilipomaliza akaniuliza: "Mwanangu, kwani mimi nimekufa?"

Swali hilo ndilo hoja yangu. Kumwita mtu aliye hai "wa kale" ni kumfuta, ili sifa na fedha zibaki kwa mwenye meza. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tumeligeuza onyo hilo kuwa biashara.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu hawakuandika majina kwenye vyungu. Ni kweli, kwa sababu hawakuhitaji. Kijijini kila mtu alijua mdomo ule ni wa mkono wa nani. Chungu kikipanda basi kuja Kampala, ujuzi huo hubaki nyuma. Kwa hiyo jina halina budi kusafiri nacho.

Wengine watasema wanunuzi hawajali jina. Basi na watazame Nigeria. Ladi Kwali alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake kijijini. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja, ambako kazi zake zilipigwa muhuri wa herufi za jina lake. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alipita katika kituo hicho miaka ya 1970, na kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Anayezitaka haulizi kama ni za kale. Huuliza kama ni za Odundo.

Sababu ya kweli ya kuficha jina ni nyingine, na wauzaji tunaijua: mnunuzi akimjua mfinyanzi, atamfuata mwenyewe. Naijibu hivi: kama biashara yetu haiwezi kusimama mwenye kazi akijulikana, basi hatuuzi vyungu, tunauza ujinga wa mnunuzi.

Sisemi vyungu vya kale havipo. Vipo, na viitwe hivyo kwa ushahidi. Vilivyobaki viandikwe jina la mfinyanzi, kijiji chake na mwaka. Nao wafinyanzi wachonge mihuri yao, waigandamize kitakoni kabla udongo haujakauka. Udongo uwahi ungali maji. Chungu kikishachomwa, hakuna jina litakaloingia.

Jumamosi iliyopita, kwa idhini ya mama yule, niliandika jina lake kwenye vibandiko vitatu. Tajiri wangu alivibandua viwili. Cha tatu hakukiona, na chungu kile kilinunuliwa kwa bei ileile na mtu aliyeniuliza kama mama huyo anafinyanga na mitungi mikubwa.

Nikamwambia ndiyo, nikamtajia na kijiji. Kibarua changu hakina uhakika tena, lakini Jumamosi ijayo nitakwenda na vibandiko kumi.