Likizo ya Agosti na ihamie Ruma

Shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, simu za wazazi wa Nairobi hujaa matangazo ya kambi za watoto. Kuna za kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985 juu, na za kupiga makasia kwenye maji makali ya Sagana. Wengine huendesha baiskeli Hell's Gate na kulala hemani kando ya Ziwa Naivasha. Ada ya siku tano ni pesa ambazo familia nyingi za Migori hazizishiki kwa mwezi mzima.

Masara, kwenye barabara ya kutoka mji wa Migori kwenda Muhuru Bay, likizo hiyohiyo ina sura nyingine. Hapa ni nchi ya dhahabu, na shule zikifungwa, mashimo hupata vibarua wapya wenye umri wa kuvaa sare. Wadogo hubeba maji na kuponda mawe. Waliokomaa kidogo huosha tope ndani ya karai, humimina zebaki, na kuikoroga kwa mikono mitupu hadi ikamate punje za dhahabu. Kidonge kinachopatikana huchomwa motoni ili zebaki iondoke, na anayechochea moto ndiye anayevuta moshi wake. Sheria ya Kenya haimruhusu mtoto kufanya kazi ya hatari namna hiyo, lakini shimoni hakuna anayeomba cheti cha kuzaliwa.

Ukitaja kambi ya watoto mbele ya wazee wa huku, jibu huja upesi: mtoto wa kijijini anahitaji kambi ya nini, naye kazaliwa porini? Swali ni la haki, ila linachanganya mambo mawili. Anayechunga ng'ombe tangu alfajiri yuko nje kweli, lakini yuko kazini. Ndama akipotea, ataulizwa. Hana nafasi ya kukaa kimya dakika ishirini akimtazama ndege mmoja, wala mtu mzima wa kumweleza kwa nini ndege huyo anapatikana bonde hili na si lile. Na hatari anazozijua, za shimo linaloporomoka baada ya mvua au za mamba pale anapochota maji, hukutana nazo peke yake. Kambi iliyopangwa vizuri humpa hatari iliyopimwa, na mtu wa kumjibu maswali.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mahali pa kupiga kambi pako nyuma ya nyumba. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ina kilomita za mraba 120. Ilitengwa mwaka 1966 ikiwa hifadhi ya wanyama, ikapandishwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Ndipo mahali pekee nchini alipobaki korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma na uso mweusi na mweupe kama aliyevaa kinyago, na waliobaki ni wa kuhesabika. Kuna twiga wa Rothschild, kuna vifaru waliohamishiwa huko na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kuna viwanja vya kupigia kambi ambavyo siku nyingi za mwaka havina hata hema moja.

Bonde hilo lenyewe ni somo. Lilisalimika kugeuzwa mashamba kwa sababu ya mbung'o, mdudu anayeeneza malale. Watu walilikwepa, wanyama wakapumua. Hadi leo mbung'o hutegwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi, rangi zinazomvutia, na ndiyo sababu mgeni wa Ruma huambiwa aache nguo za rangi hizo nyumbani. Mtoto wa gredi ya saba akiuliza kwa nini asivae sweta yake ya bluu, amejifunza sayansi ya mdudu, historia ya ardhi na usalama wake mwenyewe kabla hajafungua begi.

Kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, ambayo inakadiriwa kuwa ya karne ya 16. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake hufikia mita 4 na zaidi, lakini milango ni mifupi makusudi: adui alilazimika kuinama ili aingie, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Mtoto akipita pale kwa kuinama mwenyewe, hahitaji kukaririshwa. Kando ya ziwa, katika Rasi ya Homa, kuna Nyayanga, ambako watafiti walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Watoto wangapi wa Kendu Bay wamewahi kupelekwa kusimama hapo?

Wala hakuna haja ya kuagiza mfumo kutoka Marekani, ambako kambi za kiangazi zina zaidi ya karne moja na nusu. Skauti waliingia Kenya mwaka 1910. Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, vijana wamefundishwa ukakamavu wa milimani tangu enzi za ukoloni. Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa mwaka 1966, haimpi kijana nishani bila safari ya kujitegemea nyikani. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, tena kwa msukumo wa wanafunzi wenyewe. Skauti wamo katika shule nyingi za Migori na Homa Bay, ila kazi yao imegeuka kuwa kupiga gwaride Siku ya Madaraka na kuelekeza wageni kwenye viti. Ni matumizi duni ya skafu.

Usalama usifanyiwe mzaha. Kambi ya ziwani isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila mtoto ifungwe kabla haijaanza, hata kama mwenyeji ni mvuvi wa miaka thelathini. Kuna kichocho kwenye maji ya ufuoni, kuna viboko jioni, na malaria ya ukanda huu haina likizo. Wasichana wawe na walezi wa kike usiku kucha. Mambo haya yana gharama, na mzazi anayekataa kumtoa mwanawe hadi ayaone kwa macho yake yuko sahihi.

Wiki moja ya kambi haitamtoa mtoto shimoni ikiwa anakwenda huko kutafuta pesa ya daftari na ya unga. Kwa hiyo kambi ya Masara haiwezi kuwa ya kulipiwa kama ya Naivasha. Iwe bure, iwe na milo mitatu, na ichukue kwanza wale ambao walimu wakuu wanajua wataonekana migodini.

Kaunti zisijifiche nyuma ya hoja kwamba elimu ni kazi ya Serikali Kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi shughuli za utamaduni na burudani za umma, zikiwemo bustani, fuo na vifaa vya starehe. Wazazi nao wanajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na bado wapo wanaoyalipia kila Agosti. Sehemu ya pesa hizo ingetosha mchele na maharagwe ya kambini. Usafiri ndio rahisi kuliko yote: mabasi ya shule za sekondari, yenye majina yaliyopakwa rangi ubavuni, huegeshwa mwezi huo mzima chini ya miti. Magavana wawili wa kaunti hizi, wakuu wa shule na msimamizi wa Ruma wakikutana kabla ya bajeti ya Juni, watoto wa kwanza wanaweza kuwa Lambwe mwaka huohuo.